Mazoezi ya misuli ya nyuma ya paja kwa mbio fupi

Mazoezi ya misuli ya nyuma ya paja ni sehemu ya maandalizi ya wakimbiaji wa mbio fupi, yaani mbio za mita 60 hadi mita 400, na ya wachezaji wa michezo inayohitaji kukimbia kwa kasi kama vile mpira wa miguu na raga. Malengo yake ni mawili: kumwezesha mkimbiaji kwenda kasi zaidi, na kuzuia misuli hiyo isichanike anapofikia kasi hiyo. Katika habari za michezo za Afrika Mashariki majeraha ya misuli hii huitwa mara nyingi "majeraha ya nyama za paja", ingawa jina hilo hutumika pia kwa misuli ya mbele na ya ndani ya paja.

Malengo hayo mawili hayatenganishwi kirahisi. Misuli ya nyuma ya paja huumia zaidi pale inapofanya kazi yake kubwa kabisa, mkimbiaji akiwa katika kasi yake ya juu. Mwanariadha anayekwepa kasi hiyo mazoezini hupunguza hatari ya siku hiyo, lakini huipeleka hatari hiyo kwenye siku ya mashindano, misuli ikiwa haijazoea. Kwa hiyo maandalizi ya kisasa huunganisha mambo mawili: kuitia misuli nguvu ikiwa inarefuka, na kukimbia kwa kasi kamili kwa kiasi kilichopimwa.

Muundo wa misuli

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu. Upande wa nje uko msuli wa vichwa viwili (kwa Kilatini biceps femoris). Upande wa ndani iko miwili: msuli wa kano ndefu (semitendinosus) na, chini yake, msuli wa utando (semimembranosus), ambao ni mpana zaidi. Yote mitatu huanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaogusa kiti mtu anapoketi, isipokuwa kichwa kifupi cha msuli wa vichwa viwili ambacho huanzia kwenye mfupa wa paja wenyewe. Chini ya goti, msuli wa nje hujishika kwenye mfupa mwembamba wa muundi na ile ya ndani kwenye mfupa mkubwa. Kano zake huweza kuguswa kwa vidole: mtu akiketi, akakunja goti na kukandamiza kisigino sakafuni, atasikia kamba ngumu pande zote mbili za uvungu wa goti.

Misuli hii hupata amri zake kupitia neva ya siatiki, neva nene inayoshuka kutoka kiunoni. Ndiyo sababu maumivu ya nyuma ya paja wakati mwingine chanzo chake ni mgongo wala si paja.

Kwa kuwa misuli hiyo, ukiacha kile kichwa kifupi, hupita juu ya viungo viwili, ina kazi mbili. Hukunja goti, na hurudisha paja nyuma kwenye nyonga. Mazoezi mengi ya zamani yalishughulikia kazi ya kwanza tu, kwa mashine ya kukunjia goti mtu akiwa amelala kifudifudi, na kuisahau ya pili.

Kazi yake wakati wa kukimbia

Hatua ya mbio fupi ina sehemu mbili: mguu ukiwa chini na mguu ukiwa hewani. Kwa wakimbiaji wa kiwango cha juu unyayo hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, au pungufu. Usain Bolt wa Jamaika alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alitumia hatua 41, na kati ya mita ya 60 na ya 80 kasi yake ilizidi kilomita 44 kwa saa.

Mguu ulio hewani hutupwa mbele na goti hufunguka kwa nguvu. Kabla tu ya unyayo kugusa chini, lazima muundi uzuiwe usiendelee kwenda mbele, na kazi hiyo hufanywa na misuli ya nyuma ya paja. Wakati huo nyonga imekunjwa na goti linanyooka, hivyo misuli inavutwa kutoka ncha zote mbili kwa pamoja. Hurefuka hadi takriban asilimia 10 zaidi ya urefu wake mtu akiwa amesimama wima, na huku inarefuka inakaza kwa nguvu. Ni kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe anayetaka kukimbia: kamba inamponyoka kidogo kidogo mkononi, lakini hajaiachia. Kukaza kwa namna hii huitwa kukaza kwa kurefuka, tofauti na kukaza kwa kufupika, kama mtu anapokunja mkono kuinua ndoo.

Mara moja baada ya hapo misuli hiyohiyo hubadili kazi. Ikishirikiana na misuli ya makalio huvuta paja nyuma, ili unyayo ukutane na ardhi ukiwa tayari unarudi nyuma. Unyayo unaotua mbali mbele ya mwili hufanya kazi ya breki kila hatua.

Mkimbiaji anapopanda kutoka asilimia 80 ya kasi yake hadi asilimia 100, mzigo wa misuli hii huongezeka kwa kiwango kikubwa kuliko kasi yenyewe ilivyoongezeka. Kukimbia mwendo wa wastani, hata kwa kilomita nyingi, hakuiandai kwa mzigo huo.

Tafiti mbili husaidia kuonyesha nafasi ya nguvu katika kasi. Mwaka 2000 Peter Weyand na wenzake walionyesha kuwa wakimbiaji wenye kasi kubwa hawatofautiani sana na wengine kwa wepesi wa kurudisha mguu mbele hewani. Wanatofautiana kwa nguvu wanayoisukumia ardhi. Mwaka 2015 Jean-Benoît Morin na wenzake waliwapima wanaume 14 wakianza mbio kwenye mkanda wa kukimbilia wenye vipimo vya nguvu. Waliosukuma zaidi kuelekea mbele walikuwa wale walioamsha sana misuli ya nyuma ya paja kabla ya kugusa chini, na ambao misuli hiyo ilikuwa na nguvu kubwa inapokaza kwa kurefuka.

Majeraha

Kuchanika kwa msuli wa nyuma ya paja ni miongoni mwa majeraha ya kawaida kabisa katika mbio fupi na mpira wa miguu. Katika utafiti wa muda mrefu wa klabu za juu za Ulaya unaofanywa chini ya UEFA, majeraha haya yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote katika msimu wa 2001/02, na yakafika asilimia 24 katika msimu wa 2021/22. Mchezo wenyewe umeongezeka kasi katika miaka hiyo, na mechi zimekuwa nyingi.

Msuli unaoumia zaidi wakati wa kukimbia ni kichwa kirefu cha msuli wa vichwa viwili, mara nyingi karibu na mahali nyama inapoungana na kano. Mkimbiaji husikia mchomo au kitu kama kukatika, hujishika paja na kusimama. Kuna aina nyingine ya jeraha inayotokea kwa kunyoosha kupita kiasi bila kasi kubwa, kwa mfano kwa wacheza dansi au mtu anayepiga teke la juu. Hiyo hushika zaidi msuli wa utando karibu na mfupa wa kukalia. Mwanzoni huonekana nyepesi, lakini kupona kwake huchukua muda mrefu kuliko ile ya kukimbia.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Derek Redmond wa Uingereza. Katika nusu fainali ya mita 400 kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, msuli wa nyuma ya paja ulichanika akiwa katikati ya mbio. Aliinuka akaendelea kwa kuchechemea, baba yake akaruka kutoka jukwaani na kumshika bega hadi mstari wa mwisho. Bolt mwenyewe alimaliza maisha yake ya mbio kwa namna inayofanana na hiyo: katika fainali ya mita 100 kwa wanne kwenye Mashindano ya Dunia ya London mwaka 2017, msuli wa nyuma ya paja ulimkaza akiwa na kijiti, akaanguka kabla ya kumaliza.

Kinachotabiri jeraha kuliko mambo mengine ni jeraha lililotangulia. Umri nao huongeza hatari. Mambo hayo mawili hayabadiliki kwa mazoezi, ila kuna mawili mengine yanayobadilika. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2016 na Ryan Timmins na wenzake, uliowafuatilia wachezaji wa mpira wa miguu, uliona kuwa wenye vifungu vifupi vya nyuzi katika kichwa kirefu cha msuli wa vichwa viwili, na wenye nguvu ndogo ya kukaza kwa kurefuka, waliumia zaidi. Uliona pia kuwa nguvu na vifungu virefu hupunguza kwa kiasi ile hatari inayotokana na umri au jeraha la zamani.

Zoezi la Nordiki

Zoezi lililochunguzwa kuliko yote ni lile linaloitwa la Nordiki, kwa sababu tafiti zake za mwanzo zilifanywa katika nchi za Skandinavia. Mtu hupiga magoti juu ya mkeka au nguo iliyokunjwa. Mwenzake humshika vifundo vya miguu na kuvikandamiza chini kwa uzito wake. Kisha mfanyaji hujiachia mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja kwa kadiri anavyoweza. Misuli ikishindwa hujipokea kwa mikono, hugusa chini kwa kifua na kujisukuma kwa mikono kurudi juu. Kosa la kawaida ni kukunja kiuno na kubenua makalio nyuma, jambo linalopunguza mzigo na kuharibu maana ya zoezi.

Mwaka 2004 Roald Mjølsnes na wenzake nchini Norwe walililinganisha na mashine ya kawaida ya kukunja goti kwa wachezaji waliofundishwa kwa wiki 10. Kundi la Nordiki liliongeza nguvu ya kukaza kwa kurefuka. Kundi la mashine halikuongeza. Mwaka 2011 Jesper Petersen na wenzake walichapisha jaribio la Denmark lenye wachezaji 942 kutoka timu 50. Katika timu zilizofanya zoezi hilo kulikuwa na majeraha mapya na ya kujirudia 15, na katika timu nyingine 52. Zoezi hilo limo pia katika programu ya kupasha mwili moto ya FIFA iitwayo 11+, iliyotolewa mwaka 2006.

Ratiba iliyotumika Norwe na Denmark huanza kwa kiasi kidogo sana: wiki ya kwanza siku moja tu, seti 2 za marudio 5. Wiki ya pili ni siku 2, seti 2 za marudio 6. Wiki ya tatu ni siku 3, seti 3 za marudio 6 hadi 8, na ya nne seti 3 za marudio 8 hadi 10. Kuanzia wiki ya tano hadi ya kumi ni seti 3 za marudio 12, 10 na 8. Uchache wa mwanzo una sababu. Kukaza kwa kurefuka huumiza nyuzi za misuli isiyozoea, na maumivu yake hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Mtu anayeanza kwa seti nyingi hushindwa hata kuketi kesho yake, na wengi huliacha zoezi hapo hapo.

Baadaye ilionekana kuwa si lazima kufika kwenye wingi huo. Utafiti wa Australia wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa baada ya wiki mbili za kwanza, seti 2 za marudio 4 mara moja kwa wiki zilileta mabadiliko yanayokaribiana na yale ya ratiba nzito. Utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili: wiki mbili za kupumzika zilitosha vifungu vya nyuzi kuanza kufupika tena. Kwa mkimbiaji, kufanya kidogo mwaka mzima kuna faida kuliko kufanya sana kabla ya msimu na kuacha mashindano yanapoanza.

Mazoezi ya nyonga

Zoezi la Nordiki hukunjua goti tu huku nyonga ikiwa imetulia, na hushika zaidi msuli wa kano ndefu pamoja na kichwa kifupi cha msuli wa vichwa viwili. Kichwa kirefu, ambacho ndicho huumia, hupata kazi zaidi katika mazoezi ya nyonga. Utafiti wa Matthew Bourne na wenzake wa mwaka 2017 ulilinganisha aina hizo mbili kwa wiki 10, ukakuta kwamba zote ziliongeza urefu wa vifungu vya nyuzi, lakini zilikuza misuli tofauti. Kwa hiyo hutumika pamoja.

Zoezi kuu la nyonga ni kuinama na uzito. Mtu husimama ameshika chuma cha uzito au mfuko wa mchanga mbele ya mapaja, magoti yamelegea kidogo, kisha husukuma makalio nyuma na kuinama mgongo ukiwa umenyooka, hadi asikie mvuto nyuma ya mapaja, na kurudi. Lifanywapo kwa mguu mmoja hufundisha pia mizani, na hapo uzito mdogo hutosha. Daraja la mguu mmoja ni jepesi zaidi kwa anayeanza: mtu hulala chali, huweka kisigino kimoja juu ya kiti au boksi, huinua nyonga juu na kuishusha polepole. Goti likiwa karibu limenyooka mzigo huenda nyuma ya paja. Likikunjwa sana mzigo huhamia kwenye makalio.

Sehemu nyingine za mwili wa chini

Mkimbiaji hawezi kujenga nyuma ya paja peke yake. Msuli mkubwa wa makalio ndio wenye nguvu zaidi katika kurudisha paja nyuma, na msuli mkubwa wa ndani ya paja huusaidia. Wakichoka hao, nyuma ya paja hubeba sehemu isiyo yake. Kuchuchumaa na uzito, kupanda kibao na kuchuchumaa mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma huendeleza makalio na misuli ya mbele ya paja, ambayo ina kazi kubwa hasa katika mita 20 au 30 za kwanza, mkimbiaji akiwa bado ameinama.

Vigimbi husahaulika mara nyingi. Katika kasi ya juu kifundo cha mguu lazima kiwe kigumu ili nguvu ya nyonga ifike chini bila kupotea. Kuinua visigino kwa mguu mmoja juu ya ngazi, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, pamoja na kurukaruka kamba, hutosha kwa wengi. Misuli ya tumbo na kiuno hushika fupanyonga lisielekee mbele. Fupanyonga likiinama mbele, mfupa wa kukalia hupanda, na misuli ya nyuma ya paja hujikuta imeshavutwa kabla hata mguu haujatupwa.

Kukimbia kwa kasi kama zoezi

Hakuna zoezi la chumbani linalofikia kasi ambayo misuli hii hurefushwa nayo wakati wa mbio. Utafiti wa Jurdan Mendiguchia na wenzake wa mwaka 2020 kwa wachezaji wa mpira wa miguu uliona kuwa mazoezi ya kukimbia kwa kasi yaliongeza urefu wa vifungu vya nyuzi zaidi ya zoezi la Nordiki, na yaliboresha pia mbio zenyewe, ambalo ni jambo la kutarajiwa.

Njia inayopendwa na makocha ni mbio za kupaa: mkimbiaji hujenga kasi kwa mita 20 au 30, kisha hukimbia kwa nguvu zote mita 10 hadi 20 na kujiachia. Umbali wa kasi kamili huanza mfupi na kuongezwa wiki kwa wiki. Mapumziko huwa marefu. Kanuni ya makocha wengi ni dakika moja kwa kila mita 10 za kasi. Anayepunguza mapumziko ili "afanye kazi zaidi" huwa anafanya mazoezi ya stamina, si ya kasi, na misuli iliyochoka ndiyo inayochanika kwa urahisi. Kukimbia mlimani ni hatua nzuri ya kuanzia, kwani kwenye mteremko wa kupanda mkimbiaji husukuma kwa nguvu bila kufikia kasi yake ya juu.

Kabla ya kasi kamili mwili hupashwa moto kwa kukimbia polepole, kuinua magoti, kurusha miguu na mbio chache zinazoongezwa kasi. Kunyoosha msuli na kuushikilia hapo kwa zaidi ya dakika moja muda mfupi kabla ya mbio hupunguza kidogo uwezo wake, hivyo huachwa hadi baada ya mazoezi.

Mazoezi mazito ya kukaza kwa kurefuka hayawekwi siku ya kuamkia mbio. Mpangilio wa kawaida ni kuyafanya siku ileile ya kasi, baada ya kukimbia, ili siku inayofuata iwe ya kupumzika kweli.

Mjadala wa wataalamu

Zoezi la Nordiki lina watetezi wengi, lakini halijakubaliwa bila maswali. Uchambuzi wa Nicol van Dyk na wenzake wa mwaka 2019, uliokusanya tafiti zenye wanamichezo 8,459, ulihitimisha kuwa programu zenye zoezi hilo hupunguza majeraha kwa takriban nusu. Mwaka 2021 Franco Impellizzeri na wenzake walichambua upya ushahidi huo kwa kutenga programu zilizochanganya mazoezi mengi, wakasema matokeo hayatoshi kuthibitisha kuwa ni zoezi hilo lenyewe lililoleta faida. Bas van Hooren na kocha Frans Bosch wa Uholanzi walihoji jambo la msingi zaidi mwaka 2017: kwa maoni yao nyuzi za msuli hazirefuki mwishoni mwa mrusho wa mguu, bali hukaza bila kubadili urefu huku kano ndiyo inayovutika, na kwa hiyo mazoezi ya kushikilia mkao chini ya mzigo yanafaa zaidi.

Ubishi huu hauna athari kubwa kwa mkimbiaji wa kawaida, kwa sababu pande zote zinataka misuli iliyozoea mzigo mkubwa ikiwa ndefu. Tatizo kubwa zaidi liko kwingine. Uchunguzi wa Roald Bahr na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 uliziuliza klabu 50 za Ulaya zenye wataalamu wa tiba wa kutosha, zikiwemo za Ligi ya Mabingwa, kama zinafuata programu ya Nordiki. Takriban moja tu kati ya kila kumi ndiyo iliifuata kikamilifu.

Baada ya kuumia

Siku mbili tatu za kwanza mguu hupumzishwa, hufungwa bandeji na kuwekwa barafu kwa vipindi vifupi. Kuchua kwa nguvu, joto na dawa za kuchua zenye kuwasha huepukwa katika siku hizo, kwani huweza kuongeza kuvuja damu ndani ya msuli. Mlio wa kukatika karibu na kalio, paja kuwa jeusi na kushindwa kutembea ni dalili za kwenda hospitali, kwa sababu huenda kano imeng'oka kwenye mfupa, na baadhi ya majeraha hayo huhitaji upasuaji. Kwa vijana ambao mifupa bado inakua, kano huweza kung'oka na kipande cha mfupa wa kukalia. Maumivu ya ghafla mahali hapo kwa mwanafunzi mkimbiaji hayafai kuchukuliwa kuwa mkazo wa kawaida wa misuli.

Kupumzika peke yake hakutoshi. Carl Askling na wenzake nchini Uswidi walilinganisha mazoezi ya kuirefusha misuli ikiwa na mzigo, yaliyoanza siku tano baada ya jeraha, na mazoezi ya kawaida. Katika utafiti wa mwaka 2013, wachezaji wa mpira wa miguu walirudi mchezoni kwa wastani wa siku 28 dhidi ya 51. Mwaka 2014 wakimbiaji wa mbio fupi na warukaji walihitaji siku 49 dhidi ya 86. Tofauti kati ya tafiti hizo mbili inafaa kuangaliwa: mkimbiaji wa mbio fupi huhitaji muda mrefu kuliko mchezaji wa mpira, maana hana nafasi uwanjani ya kujificha chini ya kasi yake kamili. Kutosikia maumivu wakati wa kutembea au kukimbia polepole si kipimo cha kupona. Kipimo ni kukimbia kwa kasi kamili mara kadhaa, siku zaidi ya moja, bila woga wala mvuto.

Afrika Mashariki

Eneo hili linajulikana zaidi kwa mbio ndefu, lakini lina historia yake ya mbio fupi. Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth mwaka 1962, na kuipatia Kenya medali zake za kwanza za dhahabu katika michezo hiyo. Mnamo Septemba 2021 Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, ikiwa ni rekodi ya Afrika, na mwaka 2022 akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kuingia riadhani.

Wanafunzi wengi hukutana na mbio za ushindani kwa mara ya kwanza katika michezo ya shule, kama UMITASHUMTA na UMISSETA nchini Tanzania. Maandalizi yanapokuwa ya wiki chache, mwanafunzi hupita kutoka kasi ya kawaida hadi kasi kamili kwa ghafla, mara nyingi akikimbia michujo kadhaa kwa siku chache. Vifaa havihitajiki ili kupunguza hatari hiyo. Zoezi la Nordiki linahitaji mwenzake wa kushika miguu, daraja la mguu mmoja linahitaji benchi la darasani, na mfuko wa mchanga hutosha badala ya chuma. Kinachohitajika zaidi ni wiki nane hadi kumi kabla ya mashindano, kuanza kwa marudio machache, na siku moja au mbili kwa wiki za kukimbia mbio chache kwa kasi inayopandishwa taratibu hadi kamili.